Krosova ya sabufa: niweke 80, 120 au 150?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Isevya, Tabora. Nimenunua risiva ya mtumba (ile ampu ya sinema ya nyumbani), spika nne ndogo za inchi 3, na sabufa ya inchi 10 yenye ampu yake ndani. Sanduku la sabufa nimechongewa na seremala, la mninga. Sebule yangu ni mita 5 kwa 4. Sabufa nimeiweka nyuma ya kochi maana soketi iko huko. Kwenye risiva nimeweka krosova 80 kwa sababu niliambiwa ndiyo ya sinema, na kitufe cha kwenye sabufa nacho nimekiweka 80. Mdundo upo, ila waimbaji wamekuwa wembamba kama wanaimbia kwenye simu. Nikipandisha zote hadi 150 sauti inanenepa, lakini msomaji wa taarifa ya habari anakuwa kama anaongelea nyuma ya kochi. Mke wangu ananicheka. Niweke ngapi? Na kuna mtu ananiambia nifunge kapasita kwenye waya za spika, ni kweli?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Fanya mambo matatu leo jioni kabla hata hujafika mwisho wa jibu hili. Krosova ya risiva, yaani masafa (mitetemo kwa sekunde, Hz) ambapo spika ndogo zinaiachia sabufa sauti nzito, iweke 120. Kitufe cha krosova kwenye sabufa kizungushe mpaka mwisho wa juu ukiache huko. Kisha itoe sabufa nyuma ya kochi uilete mbele, upande wa TV. Habari ya soketi itamalizwa na ekstensheni. Washa taarifa ya habari, mwite shemeji asikilize, halafu urudi tuendelee.

Nimeanza na namba kwa sababu mwenye redio mpya hana subira, namjua. Lakini 120 yenyewe si namba ya uganga, na huenda ukaishia 150 au ukarudi 100. Kitu cha kushika ni hiki: krosova haiamuliwi na sabufa, inaamuliwa na spika ndogo. Umewaona wapakiaji pale stesheni wanavyopokezana gunia. Yule wa kwanza analiachia akiwa bado ana nguvu, na mwenzake tayari ameshalishika. Akingoja mpaka magoti yamlegee, gunia liko chini. Wewe umewaambia vijana wako wa inchi 3 walibebe gunia hadi 80, na magoti yao yalikuwa yameshalegea tangu 110 hivi. Kati ya hapo na sabufa kuna shimo, na waimbaji wako ndimo walimotumbukia.

Hiyo 80 uliyoambiwa si uongo, ina kwao. Imeenezwa na THX, ile nembo ya ubora wa sauti za sinema iliyozaliwa mwaka 1983 kwenye kampuni ya George Lucas kule Marekani. Walipoleta utaratibu wao majumbani waliweka 80 kwa sababu mbili nzuri. Kwanza, chini ya hapo sikio la binadamu linapata taabu kujua sauti inatoka upande gani, kwa hiyo sabufa inaweza kujificha. Pili, na hili ndilo wasimuliaji hulisahau, spika walizozikusudia zinaweza kufika 80 zenyewe bila kuhema. Hizo ni spika za inchi 5, 6 au zaidi, kwenye sanduku la maana. Ukichukua namba yao ukaipachika kwenye spika inayoenea kiganjani, umeazima kanzu ya mtu mrefu.

Sasa tuiangalie hiyo spika ya inchi 3. Ili itoe sauti nzito, koni lazima isukume hewa, na kadiri sauti inavyokuwa nzito ndivyo koni inavyotakiwa kwenda mbele na nyuma zaidi. Hesabu yake ni kali: ukishusha masafa kwa nusu huku unataka ukubwa wa sauti uleule, mwendo wa koni unazidi mara nne. Koni inayocheza milimita 1 kwenye Hz 120 itadaiwa milimita 4 kwenye 60. Spika nyingi za kimo hicho hazina hizo milimita 4. Ukimlazimisha, koili (ule msokoto wa waya unaoisukuma koni) inatoka kwenye sumaku, sauti inakwaruza, na muziki mwingine wote uliokuwa unapita kwenye koni ileile unatikiswa pamoja nayo. Ndiyo maana kupandisha krosova kutoka 80 hadi 120 hakuzibi shimo tu: spika ndogo zinapumua, sauti ya juu inatulia, na unaweza kuongeza volyumu bila kuziua.

Usiniamini mimi wala karatasi ya kwenye boksi. Boksi litakuandikia spika inashuka hadi 60 bila kukuambia kwamba hapo 60 sauti imebaki kama mbu. Pima mwenyewe. Kwenye simu pakua programu ya kutoa toni, zipo za bure tele, uunganishe simu na risiva kwa waya. Nenda kwenye menyu ya risiva uiambie hakuna sabufa, na spika za mbele ziseme "Large" kwa muda tu. Volyumu iwe ya chini, ya kuongelea. Piga toni ya 250, kisha 220, 200, 180, 160, ukiteremka polepole, umekaa pale pale kwenye kochi. Kwanza sauti itakuwa inapanda na kushuka kidogo, hiyo ni sebule inacheza, usiijali. Halafu utafika mahali sauti inaanza kudidimia kila hatua na hairudi tena. Tazama na koni: itaanza kutetemeka waziwazi huku masikio hayapati kitu. Hapo ndipo mpaka wake. Andika namba. Ukiona imekuwa 110, krosova ya 120 inakufaa. Ikiwa 130 au 140, nenda 150 bila aibu. Usikae muda mrefu kwenye toni za chini, toni moja inayolia mfululizo huichosha koili kuliko muziki.

Ukimaliza, rudisha menyu kama ilivyokuwa: spika zote "Small", sabufa ipo. Neno hilo "Small" huwaudhi watu, wanaona kama wanatukanwa spika zao. Halina uhusiano na ukubwa wa boksi. Maana yake ni kwamba spika hii imepunguziwa sauti nzito, zipelekwe kwa sabufa. Hata spika inayomfikia mtu kiunoni unaweza kuiita "Small" ukafaidika.

Tatizo lako la pili umelitaja mwenyewe bila kujua. Risiva umeweka 80 na sabufa nayo umeweka 80. Maana yake umechuja chai mara mbili. Risiva ikishakata, sauti inayoingia kwenye sabufa tayari ni nzito tupu; kile kitufe cha nyuma ya sabufa kinaikata tena. Krosova iliyotengenezwa vizuri inataka pande mbili zikutane kwa makubaliano. Katika ule mtindo wa wahandisi Linkwitz na Riley, uliotolewa mwaka 1976 na unaotumika mpaka leo kwenye mitambo mingi, kila upande kwenye namba ya krosova unakuwa umeshuka desibeli 6 kamili (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na zikijumlishwa zinarudi sawa kana kwamba hapakukatwa kitu. Sasa sabufa yako ilikuwa imeshushwa na risiva, ikashushwa tena na kitufe chake, na spika ndogo upande wa pili nazo zimeshachoka. Hakuna aliyekuja kwenye miadi. Kitufe cha sabufa kizungushe mpaka mwisho, au kama nyuma kuna tundu lililoandikwa "LFE", chomeka humo. Kwa kawaida tundu hilo hukipita hicho kitufe. Mchujaji awe mmoja, risiva.

Tuje kwa yule msomaji wa habari aliyehamia nyuma ya kochi. Mwanamume akiongea, msingi wa sauti yake unakuwa kati ya Hz 85 na 180. Ukiweka krosova 150, sehemu kubwa ya kifua chake inatokea kwenye sabufa. Tena krosova si panga linalokata mara moja. Kama mteremko ni desibeli 24 kwa oktava, yaani kila masafa yakizidi mara mbili, basi kwenye 300 sabufa bado inanong'ona, iko chini kwa desibeli 24 hivi. Kama ni desibeli 12, nong'ono hilo linakuwa mazungumzo. Na kwa masafa hayo sikio halidanganyiki tena, linajua sauti imetoka wapi. Wewe sabufa umeiweka kisogoni, mita moja kutoka masikioni. Shemeji ana haki ya kucheka.

Watu wakikutwa na hilo hushusha krosova, kama ulivyofanya, wakarudi kwenye shimo. Dawa yake ni kuhamisha sabufa. Ikiwa mbele, kati ya spika mbili au nusu mita kutoka kwa mmojawapo, hata ukiikata 150 kifua cha msomaji kitatoka upande uleule unaotoka mdomo wake, na akili yako itaviunganisha yenyewe. Kwa maoni yangu, afadhali msomaji asogee kidogo kuelekea sabufa iliyo chini ya TV kuliko awe amekatwa kifua. Namba ikiwa 80 una uhuru wa kuiweka sabufa karibu popote. Ikiwa 120 na kuendelea, uhuru huo umeuuza.

Kuna sababu nyingine ya kuitoa huko nyuma, na hii ni ya hesabu. Sauti inasafiri yapata mita 345 kwa sekunde kwenye joto letu la kawaida. Wengine huniuliza kama mwinuko wa Tabora, karibu mita 1,200 juu ya bahari, unabadilisha kitu. Hapana, kasi ya sauti inafuata joto, mwinuko wenyewe hauhusiki. Gawanya 345 kwa masafa upate urefu wa wimbi moja: kwenye 80 ni mita 4.3, kwenye 120 ni mita 2.9, kwenye 150 ni mita 2.3. Wewe uko mita 3 hivi kutoka spika za mbele na mita 1 kutoka sabufa. Tofauti ni mita 2, ambayo ni karibu nusu kamili ya wimbi la 80. Wimbi la sabufa linakufikia likisukuma, wakati la spika linakufikia likivuta. Yanauana. Kile kidogo ambacho spika zako zilijitahidi kukitoa pale 80, sabufa ilikuwa inakimeza.

Sabufa ikija mbele, tofauti inabaki sentimita chache au nusu mita, na hiyo unaimaliza kwenye menyu ya risiva palipoandikwa umbali wa spika. Chukua futi kamba, pima kutoka kochi hadi kila spika na hadi sabufa, ingiza namba za kweli. Risiva itachelewesha iliyo karibu ili zote zifike pamoja. Kila mita ni ucheleweshaji wa kama milisekunde 2.9. Risiva nyingi za mtumba ninazozipokea bado zina umbali wa kiwandani, au wa sebule ya mtu wa Ulaya aliyeiuza.

Kwenye habari ya mawimbi kuuana sikuanzia darasani. Niliwahi kupewa kazi ya muziki kwenye ukumbi mmoja Ujiji, harusi, nikiwa bado kijana najiona bingwa. Sabufa mbili za kukodi, moja kulia moja kushoto, spika za juu kwenye stendi. Nikisimama kando ya ukuta, besi inapiga kifua. Nikija katikati, palipokaa maharusi, hakuna kitu, kama mtu amezima swichi. Nikaongeza. Nikarudi katikati, hakuna. Nikaongeza tena. Kama saa nne usiku nikasikia harufu ile ambayo kila fundi anaijua, ya vanishi inayoungua, na sabufa ya kushoto ikanyamaza kabisa. Cha ajabu, ilipokufa ndipo besi ikaja katikati ya ukumbi. Watu wakapiga vigelegele wakidhani nimefanya ufundi. Kumbe asubuhi yake nilikuwa nimebadilisha waya wa ile ya kushoto, nikageuza nyekundu na nyeusi. Usiku kucha moja ilikuwa inasukuma wakati mwenzake anavuta, na katikati yake walikuwa wanafutana. Koili nililipa mimi.

Tangu siku hiyo natembea na betri ya tochi ya volti 1.5. Chukua spika, ikiwa imechomolewa kwenye ampu, gusisha waya wake kwenye betri sekunde moja. Koni ikiruka mbele, waya uliogusa chanya ndio mwekundu wako. Ikirudi nyuma, umegeuza. Fanya hivyo kwa spika zako zote nne, dakika tano tu. Kwa twita, zile spika ndogo kabisa za sauti nyembamba tu, usithubutu, na betri ya volti 9 iache nyumbani.

Sabufa yenye ampu ndani haiguswi kwa betri. Yenyewe ina swichi ya fezi, ya kugeuza kusukuma kuwe kuvuta, 0 na 180. Hapo piga toni ya namba yako ya krosova, yaani 120, sabufa na spika za mbele vyote vikilia. Kaa unapokaa siku zote. Mwambie shemeji au mtoto ageuze swichi, 0, halafu 180, halafu 0. Upande utakaosikika mkubwa ndio sahihi, uache hapo. Kama sabufa yako ina kitufe cha kuzunguka badala ya swichi, kizungushe mpaka toni iwe kubwa kabisa. Sitakuambia swichi iwe wapi, maana kila sebule ina lake. Ninachoweza kukuambia ni kwamba simu nyingi ninazopigiwa kuhusu "krosova mbaya" huishia kwenye swichi hiyo au kwenye waya uliogeuzwa.

Ukishafika hapo ndipo ushike kiasi cha sabufa, yaani volyumu yake, na hapa nina ugomvi na nusu ya mji. Watu wanatumia krosova kama kitufe cha kuongeza besi. Mtu anaona mdundo hautoshi, anazungusha hadi 200, na kweli nyumba inajaa, lakini kilichoongezeka ni uvimbe wa sauti za katikati. Waimbaji wanaongea kama wana mafua, na ule mdundo wa chini aliokuwa anautafuta uko palepale. Ukitaka besi zaidi, ongeza volyumu ya sabufa. Krosova ukishaiweka isahau. Risiva yako inaweza kutoa ile kelele ya "shhh" kwa kila spika kwa zamu. Itumie, na programu ya simu ya kupima ukubwa wa sauti ikusaidie kulinganisha. Simu haipimi besi kwa usahihi, hivyo neno la mwisho liwe la masikio.

Kwa masikio mimi natumia muziki wa dansi wa zamani. Tafuta wimbo wowote wa Tabora Jazz au Nyanyembe Jazz, bendi za hapahapa kwetu, usikilize gitaa la besi peke yake, usimfuate mwimbaji. Nyuzi za besi zikipigwa wazi ni Hz 41, 55, 73 na 98, na mpigaji akipanda juu ya shingo anafika 196 na kupita. Yaani mtu mmoja, gitaa moja, anatembea kutoka katikati ya sabufa hadi katikati ya spika ndogo na kurudi, anavuka mpaka wako kila baada ya sekunde chache. Krosova ikikaa vizuri, anasikika mtu mmoja anayetembea. Ikiwa mbaya, noti mbili zinaruka kama zimepigiwa kelele, inayofuata inazama, ya nne inatokea upande mwingine wa chumba. Noti zinazozama zikiwa za juu kidogo, zile za kifua, jaribu 150. Kila noti ya juu ikikimbilia kwenye sabufa, shuka hadi 100. Sikiliza namba moja siku mbili tatu kabla hujabadilisha, maana sikio likichoka linakubali chochote.

Noti moja tu ikinguruma kuliko zote, hasa ya chini, usiilaumu krosova. Hiyo ni sebule. Chumba cha mita 5 kwa 4 chenye kuta za tofali kina noti zake mbili kinazozipenda, karibu na 34 kwa urefu na 43 kwa upana, na tofali hairuhusu besi itoke kama inavyotoka kwenye nyumba ya mbao. Sogeza sabufa nusu mita kutoka konani, au ukisogeze kiti. Kuna njia ya kizamani ya kuiweka sabufa juu ya kochi unapokaa, ukapiga wimbo, halafu ukatambaa kwa magoti ukutani ukitafuta mahali besi inasikika sawasawa. Pale unapopapenda ndipo sabufa ikae. Inafanya kazi, ila kwa krosova ya 120 tambaa upande wa mbele tu. Na kama dirisha lako ni la luva, pitisha toni kuanzia 30 hadi 120 polepole. Utamkuta anayelia. Kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye kioo kinacholegea, na "besi mbaya" imepona.

Mninga nakupongeza kwa uzuri wake. Lakini mbao nzima, kwa kiangazi chetu kinachoanza Mei na kuendelea mpaka Oktoba, inaweza kujikunja na kufungua maungio, na sanduku la sabufa likivuja hewa linafoka na kupoteza nguvu. Washa kijiti cha udi, piga toni ya 40, upitishe moshi kwenye kila pembe. Moshi ukichezacheza kwingine zaidi ya kwenye tundu lake, weka gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa randa. Ukija kuchonga jingine, tumia plaiwudi nene au MDF, mninga ubandike juu kama urembo.

Spika mbili za nyuma, kama ni sawa na za mbele, zipe 150 kama risiva inaruhusu kila jozi namba yake. Huko hakuna anayeongea sana. Ule mpangilio unaoitwa "LPF for LFE" uache 120, huo ni wa ile njia maalumu ya besi za filamu, ambayo kwa Dolby Digital inafika 120, na hauhusiani na namba tuliyokuwa tunaihangaikia. Na siku ukipata hela usikimbilie sabufa ya inchi 12. Tafuta spika mbili za mbele za inchi 5. Hapo ndipo ile 80 uliyoambiwa itakuwa yako kwa haki.

Kuhusu kapasita, kile kikopo kidogo cha umeme kinachozuia sauti nzito zisifike kwenye spika: kwa mtambo wako, hapana. Risiva ikishaziita spika "Small" inafanya kazi hiyo tayari, tena kwa mteremko mkali kuliko kapasita. Ukiongeza ya kwako unachuja chai mara mbili, safari hii upande wa spika. Aliyekushauri amezoea zile seti za sabufa za dukani ambazo hazina menyu, na huko yuko sahihi. Mwenye seti ya namna hiyo, yenye spika za omu 4, kapasita ya mikrofaradi 330 kwenye waya mmoja wa kila spika inaanza kukata karibu na 120. Ya 220 inakata karibu na 180. Mteremko wake ni desibeli 6 tu kwa oktava, mpole sana, lakini unasaidia koni. Iwe kapasita isiyo na chanya wala hasi. Usipoipata, fundi anaunganisha mbili za kawaida za 470 hasi kwa hasi, akapata moja ya kama 235 isiyojali upande. Ya kawaida ikiwekwa peke yake inaweza kupasuka, na maji yake hayatoki kwenye zulia.